Kibati Namba 217

"Lyle, uko wapi?"

"Chumba cha giza. Nina picha kwenye dawa, nipigie baadaye."

"Acha picha. Mama amekaa sakafuni na hataki kuinuka."

"Sakafuni wapi?"

"Chumba cha taa, kule mgodini. Alienda kama Jumamosi zote. Lyle, kuna mtu amegusa kibati cha baba."

Simu ilikuwa mfukoni na waya wake sikioni, maana mwanga wa kioo chake ungeiharibu karatasi yangu. Mbele yangu, chini ya taa nyekundu, karatasi ilikuwa imelala kwenye trei ya dawa na picha ilikuwa inaanza kuchomoza. Kwanza zikaja mbao. Kisha misumari.

"Kibati kipi?" niliuliza.

"Kibati kipi? Kwani baba yangu alikuwa na vingapi? Mia mbili kumi na saba!"

Na palepale kwenye trei, polepole kama mtu anayepanda ngazi kutoka gizani, ikaibuka namba. 217.

"Lyle? Upo?"

"Nipo."

"Wewe ndiye niliyekupa ufunguo Alhamisi. Uliona mtu pale?"

"Sikuona mtu."

Ilikuwa kweli. Sijawahi kusema kweli chafu kama ile.

"Basi nakuja kwako. Nikikaa hapa nitalia mbele yake," alisema Dreama, akakata simu.

Ngoja niwaeleze nilichofanya, nami sitajipamba.

Mimi ni mtoto wa kinyozi wa hapa Sorrel Fork, West Virginia. Watu wetu wengi walichimba makaa ya mawe, ila ukoo wangu haujawahi kushuka chini. Sisi tulikata nywele za walioshuka. Kazi niliyojichagulia ni kupiga picha za vitu vilivyochoka, kwa filamu, nyeusi na nyeupe. Kufuli lililoliwa na kutu, buti lililopasuka mdomo, kiti kilichopoteza mgongo. Ukiiondoa rangi, kitu hubaki na mikunjo yake tu, kama uso wa mzee, na hakiwezi tena kukudanganya. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijigamba.

Dreama nilimpatia hukohuko kwenye vitu vilivyochoka. Kanisa lilikuwa linauza vitu vikuukuu uwanjani, nami nikaiona ndoo ya chakula ya mchimbaji, ya bati, imebonyea kila upande.

"Hiyo haiuzwi," alisema msichana mmoja mwenye madoadoa puani. "Nimeileta ibebe chenji."

"Sitaki kuinunua. Nataka kuipiga picha."

"Ipige. Ila ujue unapiga nini. Baba alikuwa anabakiza nusu ya keki humo kila siku. Nilikuwa namsubiri getini, nafungua kifuniko kabla sijamsalimia. Siku moja mama akamwambia, 'Hobart, mbona unakonda?' Baba akasema, 'Muulize huyo panya wako mwenye misuko miwili.'"

Nilicheka hadi kamera ikatikisika. Picha ile ilitoka nzuri kuliko zote, na msichana yule nikamvisha pete ya fedha mwezi wa nne. Harusi tuliipanga Septemba. Mama yake, Geneva, alianza kutushonea blanketi la viraka.

Sasa, kuhusu chumba cha taa, pale wachimbaji walipochukulia taa zao kabla ya kushuka. Mgodi ulifungwa, ila wajane wa wachimbaji walikitunza chumba kile, na ufunguo alikuwa nao Geneva. Ukutani kuna ubao wenye pande mbili: NDANI na NJE. Kila mchimbaji alikuwa na kibati chake cha shaba chenye namba. Akishuka, anakitundika NDANI. Akipanda, anakihamishia NJE. Na kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa kinyozi aliijua: kibati cha mtu hakiguswi na mkono wa mwingine. Kikikutwa upande usio wake, kazi yote inasimama mpaka aliyekigusa ajitokeze na kukirudisha mwenyewe, kwa sababu ni yeye peke yake anayejua kama mwenye kibati yuko chini au yuko juu.

Alhamisi niliingia na kamera yangu. Vibati mia na zaidi vilikuwa upande wa NJE, vimeiva weusi, vimeliwa kingo, vizuri ajabu. Isipokuwa kimoja. Kimoja kiling'aa kama jino la dhahabu, kikavuta mwanga wote wa dirisha na kuiunguza picha yangu. Sikuuliza kwa nini kinang'aa. Dreama aliwahi kuniambia mama yake huenda pale kila Jumamosi. Sikuuliza anaenda kufanya nini. Nilikuwa nawaza mwanga.

Nikakipaka vumbi la makaa na mafuta kidogo ya bawaba ya mlango mpaka kikafifia kama wenzake. Kisha nikaona upande wa kushoto wa picha ni mtupu. Nikakihamisha. Nikakitundika peke yake, upande wa NDANI.

Nilijua maana yake. Hilo ndilo linaloniuma. Nilijua, na nikafanya kwa sababu maana yake ndiyo iliyoipa picha uzito. Nikajiambia, wenyewe walishakufa, hii ni shaba tu. Nikaacha kila kitu vilevile ili nirudi Ijumaa kwa mwanga mwingine, nikaenda kusafisha filamu, nikatuma nakala kwa watu wa maonyesho kule Charleston. Ijumaa ikaja meseji:

"Lyle, hii ya ubao ndiyo tutaiweka mlangoni. Hongera sana."

Nikasahau dunia, na kibati pia.

Dreama aliingia kupitia kinyozini. Chumba changu cha giza kiko nyuma ya duka la baba, na nilimsikia baba akimtania:

"Bibi harusi, mbona mbio? Bwana harusi hajatoroka, yupo humo anachemsha dawa zake."

Dreama aligonga mlango wangu mara moja, akafungua. Nilikuwa nimeining'iniza picha kwenye kamba, bado inadondosha maji, na sikuwa na ujasiri hata wa kuigeuza.

Aliisogelea, akaisoma namba.

"Ni wewe."

"Dreama, sikujua ni cha baba yako."

"Ulijua ni cha mtu."

"Ni picha! Nimekaa miaka sita nikitafuta picha moja ya namna hii. Ukiitazama unasikia baridi mgongoni, au husikii?"

"Nasikia, Lyle. Nilikuwa na miaka kumi na tatu nilipoisikia hiyo baridi kwa mara ya kwanza." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo lilinitisha zaidi. "Dari iliporomoka siku ya Jumanne. Walimtoa Jumamosi. Siku nne kibati kilikaa upande wa NDANI, na mama alikaa chini yake. Walipomtoa, msimamizi akanyoosha mkono akihamishe. Mama akaupiga ule mkono. Akasema, 'Mume wangu nitamtoa mimi.' Akamtoa. Miaka kumi na moja, kila Jumamosi, anaenda kukisugua ili kisifanane na vya watu waliosahaulika. Leo kafungua mlango, kamkuta mumewe ni mweusi, yuko ndani tena."

"Kwa hiyo... mwambie akirudishe tu."

"Hataki. Anasema, 'Aliyemwingiza ndiye atakayemtoa.' Blanketi letu amelikunja, amelifungia kabatini. Anasema hawezi kushona harusi wakati mtu wake yuko chini."

"Nitaenda usiku nikirudishe kimyakimya."

Nilipomaliza kusema nikatamani ulimi wangu ungekatika. Dreama alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha njia iliyofungwa.

"Kimyakimya," alirudia.

Akaivua pete. Akaidondosha kwenye trei ya dawa, ikalia kidogo, ikazama.

"Mimi sitamwambia kuwa ni wewe. Sitakubebea hilo. Ukimwambia, utamwambia kwa mdomo wako. Usipomwambia, mimi na wewe hatuna Septemba."

Akatoka. Nje nikamsikia baba akiuliza, "Vipi tena?" na mlango ukajibamiza.

Baba alichungulia, mkasi mkononi.

"Umefanya nini?"

"Nimepiga picha."

"Mimi nimenyoa watu miaka thelathini. Ukimkata mtu sikio husemi umenyoa. Unasema umemkata sikio."

"Baba, niache."

"Nimekuacha. Lakini damu inavuja."

Jumapili nilimpigia Dreama mara saba. Jumatatu mara nne. Mimi nina kiburi, sikuzoea kubisha hodi mara mbili kwenye mlango mmoja. Ila pia nina mistari, niliyojifunza mwenyewe bila mwalimu, na siku zote mistari yangu ilimlegeza. Jumatatu alasiri nikaketi, nikaandika, nikamtumia:

"Nakiri nimekutesa, machozi yanidondoka,
Usingizi nimekosa, kukicha nataabika,
Dreama acha kususa, moyo wangu wavunjika,
Nifungulie mlango, huku nje nahangaika."

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili.

"Mistari minne. Machozi yako, usingizi wako, moyo wako. Mama yangu hayumo hata kwenye mmoja."

Nilisoma meseji ile nimesimama. Nikakaa. Nikaisoma tena. Watu wamewahi kuniambia picha zangu hazifai, na niliwarushia maneno mazito. Safari hii nilirudi kulisoma shairi langu. Shairi lote lilikuwa limejaa mimi, kama vile picha ile ilivyokuwa imejaa mimi.

Nikaitoa pete kwenye trei. Dawa ilikuwa imeitia weusi.

Jumanne saa nne asubuhi nilipanda kule mgodini kwa miguu, picha ndani ya bahasha, filamu ndani ya bahasha, pete mfukoni. Mlango wa chumba cha taa ulikuwa wazi. Geneva alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya ubao, mikono mapajani, koti la mumewe mabegani. Pembeni yake alikuwa Bi Maxine, mjane mwenzake, anamenya yai la kuchemsha. Dreama alisimama dirishani. Aliniona, akageuza uso kuelekea nje.

"Karibu, Lyle," alisema Geneva. "Kiti hakuna."

"Nitasimama, mama."

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, mazuri, yenye vina. Yote yakanikimbia.

"Ni mimi," nikasema. "Alhamisi. Nilikipaka makaa kwa sababu kilikuwa kinang'aa. Nikakiweka NDANI kwa sababu nilitaka picha iwe na huzuni. Nilijua upande ule una maana gani. Sikujua ni cha nani, na sikuuliza. Jumamosi Dreama aliponipigia nilijua tayari, nikanyamaza. Na picha yenyewe niliituma Charleston, wakataka kuiweka mlangoni kwenye maonyesho."

Bi Maxine aliliacha yai.

"Kumbe mtoto wa kinyozi! Baba yake alimnyoa mume wangu nusu kichwa siku ya ubatizo, nikasamehe. Na huyu naye amekuja kutunyoa sisi!"

"Maxine," alisema Geneva.

"Sijamaliza. Hizo picha zako, kijana, utazipiga za kwenu. Mkasi wa baba yako haujachakaa?"

"Umechakaa, Bi Maxine."

"Basi kaupige!"

"Maxine, kula yai lako." Geneva alininyooshea mkono. "Nionyeshe."

Nilimpa picha. Aliiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Maganda ya yai yalikuwa yakivunjika vidoleni mwa Bi Maxine. Nilimwona Geneva akipitisha kidole hewani juu ya ile namba, bila kuigusa.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema mwishowe. "Ile Alhamisi yangu, siku ya tatu, mwanga ulikaa hivihivi. Palikuwa patupu hivihivi. Umejuaje?"

"Sikujua, mama. Nilibahatisha."

"Ni picha ya kweli. Lakini wewe hukuwepo siku hiyo, Lyle. Huwezi kuichukua siku yangu ukaiweka mlangoni kwa watu."

"Ndiyo maana nimeileta. Na filamu yake hii hapa. Ni zako. Nimewaambia Charleston haipo."

Hapo Dreama aligeuka.

"Umewaambia?"

"Asubuhi. Nimeambiwa nina wazimu, na kwamba mlango wao hautanisubiri."

Geneva aliiweka bahasha chini ya kiti chake. Akainuka, magoti yakalia, akasogea pembeni ili ubao ubaki wazi mbele yangu.

"Haya. Mtoe."

Nilikivua kibati kwenye msumari. Sikutegemea kingekuwa na uzito. Hatua kutoka NDANI hadi NJE ni mbili tu, na nimewahi kubeba kamera mlimani ikawa nyepesi kuliko zile hatua mbili. Nikakitundika. Kilikuwa cheusi, na alama ya kidole changu imeganda juu yake.

Nikatoa leso kukifuta. Geneva akanishika kifundo cha mkono.

"Si kwa hiyo."

Alitoa mfukoni kitambaa chake. Zamani kilikuwa cha flaneli, labda cha bluu. Sasa kilikuwa cheusi katikati, chembamba kama ngozi ya kitunguu, kingo zimefumuka nyuzi.

"Taratibu," alisema. "Unasugua kama mtu anayefuta kosa lake. Sugua kama unamwosha uso mtu aliyetoka kazini."

Nikasugua. Namba ikarudi kidogokidogo. Mbili. Moja. Saba. Geneva alipoiona inang'aa alivuta pumzi moja ndefu, akaliondoa lile koti mabegani, akalikunja.

"Amepanda," alimwambia Bi Maxine.

"Nimemwona," alijibu Bi Maxine, na sauti yake haikuwa na utani tena.

Nikageuka niondoke. Nilichokuja kufanya nilikuwa nimekifanya, na pale hakuna aliyenidai kubaki.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Geneva. "Kamera unayo?"

"Ipo nyumbani."

"Kailete. Nikupe kitu changu chakavu, upige kwa ruhusa."

Niliporudi, alikuwa amekitandaza kile kitambaa kwenye kizingiti cha dirisha. Hakukipanga. Alikiacha kama kilivyoanguka, kona moja imejikunja.

"Nimekiweka mimi," alisema. "Usikisogeze."

Wakaenda nyumbani, yeye na Bi Maxine. Dreama akabaki kwenye ngazi za nje, mgongo kwangu. Kabla ya kuondoka, Geneva alinisukumia kwa mguu ile ndoo ya bati iliyobonyea. "Kuna maharage na mkate wa mahindi. Usije ukazimia kwenye sakafu yangu."

Nilisimamisha kamera. Mwanga ulikuwa mbaya. Ulikuwa unaangukia ukutani, hatua moja kulia kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe kilikuwa kivulini kama doa. Kukisogeza kungechukua sekunde moja. Mikono yangu iliniwasha. Nikaikalia.

Saa sita ikapita. Nikala maharage. Saa nane mwanga ukawa umesogea upana wa kiganja.

Dreama alisema bila kugeuka:

"Mwanga uko pale pembeni. Si ukivute kidogo?"

"Unanitega."

"Ndiyo."

"Nitangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uje wenyewe."

Baada ya muda nikasikia viatu vyake vikiingia. Alipita nyuma yangu, akakaa kwenye kiti cha mama yake, akaivuta ndoo kwa mguu.

"Umemaliza chakula cha mama?"

"Nimekula."

Akafungua kifuniko. Nikageuka kumtazama, nikamkuta ameinamia ndoo, nywele zimemfunika uso.

"Lyle. Kulikuwa na keki humu?"

"Ilikuwapo."

"Mbona umekula nusu?"

Sikuwa nimepanga, naapa. Nilipofika kwenye keki mkono uliikata katikati wenyewe, kwa sababu yeye alikuwa nje kwenye ngazi.

"Nilijua utakuwa na njaa," nilisema.

Aliitoa ile nusu. Akaila taratibu, machozi yanamshuka hadi kidevuni, na akaila yote, mpaka chembe zilizobaki kiganjani.

"Pete iko wapi?"

"Mfukoni. Lakini imeharibika, dawa imeitia weusi. Ngoja niipeleke ikasuguliwe kwanza."

"Hapana. Lete hivyohivyo."

Nilimvisha. Kwenye kidole chake ilionekana kama kitu kilichofukuliwa.

"Tazama," akanong'ona.

Nilidhani anasema pete. Kumbe mwanga ulikuwa umefika. Ulipanda kizingitini, ukakigusa kitambaa ukingoni, ukaingia uzi kwa uzi, na ile kona iliyojikunja, ambayo mimi ningeinyoosha, ndiyo iliyowaka.

Nilipiga mara moja tu.

Picha ile haikwenda Charleston. Imetundikwa chumba cha taa, kando ya ubao, na Geneva aliipigilia msumari mwenyewe. Septemba tulifunga ndoa kanisani, baba aliwanyoa wanaume wote bure, na Bi Maxine alisimama mlangoni kukagua masikio yao. Usiku huo tulijifunika blanketi la viraka. Asubuhi Dreama aliniuliza kama nitalipiga picha.

"Bado," nilimwambia. "Halijachakaa."